Malezi ya Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa aliyetengwa na mamaye kabla ya kutimiza wiki 8 hukosa adabu ambazo mwanadamu, ajapokuwa hodari namna gani, ni taabu kumfunza; basi msiharakie kumchukua. Usiku wa kwanza atalia, wala hiyo si inda bali ni upweke, kwa hiyo mlazeni karibu na watu. Kila aamkapo na kila amalizapo kula mtoeni nje, na akijisaidia huko msifuni papo hapo; kumpiga kwa uchafu alioufanya tangu asubuhi ni dhuluma tupu, maana hafahamu sababu ya adhabu. Atimizapo miezi 3, tafadhalini mpelekeni kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo, dalili zake zikisha kudhihiri kwa binadamu, aghalabu humwua.