Mapatano ya Mdomo Nayo ni Mkataba



Mwalimu aliyemtangulizia seremala fedha za milango, kisha asione milango wala fedha, mara nyingi hunung'unika: "Sina karatasi, basi sina haki." Sivyo, ndugu. Kwa kawaida, Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara ya mwaka 1961 huyatambua hata mapatano ya mdomo, mradi yamefanywa kwa hiari na kwa jambo halali. Ugumu u katika ushahidi. Mtafuteni aliyeshuhudia malipo; andikeni barua ya madai na mbaki na nakala. Sisi tunaoishi na majalada twashindwaje kutunza barua moja? Mahakamani mwaweza kudai fidia ya hasara. Lakini Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yatoa miaka 6 tu, tangu siku mkataba ulipovunjwa.