Kikombe Hiki Kitajazwa Mara Ngapi? Vikombe vya Kahawa na Mazingira



Nimeombwa nilinganishe aina za vikombe vya kahawa. Mjadala huu huanzia kwenye malighafi: karatasi inasifiwa, plastiki inalaumiwa. Mimi nauliza kwanza kikombe kitajazwa mara ngapi kabla ya kutupwa, na kitaoshwaje.

Mwaka 1994 mkemia Martin Hocking wa Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, alichapisha hesabu ya nishati. Kikombe cha kaure kilikula megajuli 14 hivi kukitengeneza, cha karatasi 0.55, cha povu la plastiki 0.2. Alipojumlisha umeme wa mashine ya kuoshea vyombo, aliona kaure lazima itumike mara 39 ndipo ilingane na karatasi, na mara 1,006 ndipo ilingane na povu. Hesabu hiyo ni ya nishati tu. Haimo ndani yake gharama ya povu lililoziba mtaro siku ya mvua, na sisi wa Dar es Salaam tunalijua bonde la Jangwani likifurika.

Tuipeleke hesabu hiyo kijiweni. Muuza kahawa wa Kariakoo au wa Mji wa Kale Mombasa ana vikombe vidogo vya kaure, mafunda machache tu, na kashata pembeni. Kikombe hicho hicho humzungukia mteja huyu na yule asubuhi na jioni. Mara 39 hutimia ndani ya siku chache. Mashine hana, ana ndoo ya maji ya kusuuzia. Kwa upande wa nishati, sioni mkahawa wenye kiyoyozi unaoweza kumfikia.

Lakini ndoo yenyewe, yenye maji yale yale kwa vikombe vya wote, ndiyo inayomkera bwana afya, naye ana haki. Tukumbuke kwamba kikombe cha karatasi kilitokana na hofu ya maradhi. Lawrence Luellen alikibuni Marekani mwaka 1907, na mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha kuchangia kwenye treni na shuleni, kwa sababu ya kifua kikuu. Anayemwambia muuza kahawa ahamie kwenye karatasi leo anarudia hoja ile ile.

Tatizo ni kwamba karatasi hiyo si karatasi tupu. Ndani imepakwa utando mwembamba wa plastiki ili isilowe, na viwanda vya kawaida vya kurejeleza karatasi haviwezi kuutenganisha. Uingereza, kamati ya Bunge iliripoti Januari 2018 kwamba vikombe bilioni 2.5 hutumika kwa mwaka, na katika kila 400 hurejelezwa kimoja tu. Vyetu huishia dampo la Pugu, vikibahatika kuzolewa. Katazo la Tanzania la Juni 2019 liligusa mifuko ya plastiki ya kubebea. Kikombe hiki kilipita salama. Vile vinavyouzwa kama vya kuoza, vya plastiki ya mahindi, vinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukivitupa mtaroni, vitakaa bila kuoza.

Kwa wenye mikahawa, mfano upo: Freiburg, Ujerumani, ilianza mwaka 2016 kutoza amana ya euro 1 kwa kikombe kigumu kinachorudishwa. Utaratibu huo si mgeni kwetu: nani hajawahi kuacha pesa ya chupa ya soda dukani?

Kwa muuza kahawa napendekeza halmashauri zisimfukuze wala zisimlazimishe karatasi. Apewe ndoo ya pili yenye koki, sabuni, na sufuria ya maji yanayochemka juu ya jiko lake, vikombe vitumbukizwe humo kabla ya kumiminiwa mteja mwingine. Hapo mkaa utaongezeka, na mkaa ni msitu. Ni kiasi gani kwa siku, na je, jiko sanifu linaweza kukifuta? Swali hilo nawaachia wenzetu wa misitu, tulijadili mchana huu.