Majawabu Mangapi? Hukumu ya Idadi katika Milinganyo ya Kwadratiki

Mada iliyotolewa katika semina ya walimu wa hisabati wa shule za sekondari



Nimetakiwa kueleza namna ya kutambua mlinganyo wa kwadratiki una majawabu mangapi yaliyo namba halisi. Jambo hili kila mmoja wetu hulifundisha, na aghalabu hulifundisha kwa dakika chache tu: tunaandika ubaoni b² − 4ac, tunasema kwamba ikizidi sifuri majawabu ni mawili, ikiwa sifuri jawabu ni moja, na ikipungua sifuri hakuna jawabu, kisha tunafululiza kwenda kwenye zoezi. Mwanafunzi huihifadhi kanuni hiyo kama anavyohifadhi tarehe za historia, na siku ya mtihani ikipita huisahau vilevile. Nia yangu ni kuonyesha kwamba swali la idadi lina haki ya kutangulia swali la thamani, na kwamba asili yake imo katika umbo ambalo mtoto aweza kulishika kwa mikono yake kabla hajaandika herufi hata moja.

Natutwae kamba yenye urefu wa dhiraa 20, tuifunge ncha zake, tuitandaze chini izungushe bustani ya mstatili. Kwa kuwa pande nne zimeimaliza kamba yote, ni dhahiri kuwa urefu na upana, vikijumlishwa, vitakuwa 10. Sasa aje mtu atake bustani yenye eneo la dhiraa za mraba 21: tutampa pande za 3 na 7, naye ataridhika. Aje wa pili atake eneo la 25: huyu naye atapata haja yake, lakini kwa njia moja tu, yaani mraba wenye pande za 5. Aje wa tatu atake eneo la 40, na hapo kamba itakataa, wala si kwa uchache wa bidii yetu, bali kwa sababu jambo lenyewe haliwezekani.

Sababu ya kukataa huko ndiyo roho ya mada hii. Namba mbili zozote ambazo jumla yake ni 10, moja hupungua 5 kwa kiasi fulani, na nyingine huzidi 5 kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho tukikiita d, pande zetu ni 5 − d na 5 + d, na zao lake ni 25 − d². Kwa hiyo eneo haliwezi kamwe kuipita 25, na kila linavyopungua ndivyo pande zinavyoachana. Kutafuta pande ni kutafuta d. Na d² ni 25 ukitoa eneo linalotakiwa. Masalio hayo yakiwa 4, d ni 2, nasi tuna 3 na 7. Yakiwa sifuri, pande mbili zimekutana. Yakiwa hasi 15, hakuna namba halisi ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huzaa hasi. Mwanafunzi aliyeifahamu aya hii ameifahamu kanuni nzima, ijapokuwa hajaiona bado.

Mfano wa 21 si wangu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, aliuweka katika kitabu chake cha aljebra. Kitabu hicho hakina alama hata moja kati ya hizi tunazozitumia leo. Kila kitu, hata namba zenyewe, kimeelezwa kwa maneno, na sehemu yake kubwa imeshughulika na wasia na mirathi, mambo ambayo watu walihitaji kuyahesabu kwa haki. Kwa kuwa hakuzitambua namba hasi, alilazimika kuigawa milinganyo katika aina sita, na mlinganyo ambao leo tungeuandika x² + 21 = 10x uko katika aina ya tano. Anamfundisha msomaji atwae nusu ya 10, aizidishe kwa nafsi yake apate 25, atoe 21 zibaki 4, atwae kipeuo chake cha pili ambacho ni 2, kisha akitoe katika 5 au akijumlishe, kwani njia zote mbili ni sahihi. Na hapo ndipo huongeza jambo ambalo mimi hulistaajabia kila nilisomapo: anatahadharisha kwamba mraba wa ile nusu ukiwa mdogo kuliko namba iliyotolewa, mas'ala hayo ni muhali, na ukiwa sawa nayo, jawabu ni ile nusu yenyewe, bila nyongeza wala punguzo. Hukumu yote ya idadi imekwisha kutamkwa hapo, zaidi ya miaka 1100 iliyopita.

Yule mtu wa tatu, mwenye kutaka 40, naye ana nasaba yake. Girolamo Cardano wa Italia, katika kitabu chake Ars Magna cha mwaka 1545, aliuliza jinsi ya kuigawa 10 katika mafungu mawili ambayo zao lake ni 40. Akakiri kuwa haiwezekani, kisha akathubutu kuandika 5 + √−15 na 5 − √−15, akaonyesha kuwa yakizidishwa hutoa 25 + 15, yaani 40. Yeye mwenyewe hakuona faida yake, lakini kutokana na mbegu za namna hiyo ziliota namba changamano. Ndiyo maana nawasihi tusimwambie mwanafunzi "hakuna jawabu" tukanyamaza. Tumwambie hakuna jawabu miongoni mwa namba halisi, ili mlango usifungwe kwa kufuli ambalo mwalimu wa kidato cha tano atalazimika kulivunja.

Kutoka kwenye kamba hadi kanuni ya jumla ni hatua fupi. Mlinganyo ax² + bx + c = 0, ambao a si sifuri, tukiugawa kwa a na kukamilisha mraba, huwa (x + b/2a)² = (b² − 4ac)/4a². Upande wa kushoto ni mraba, kwa hiyo hauwezi kuwa hasi. Upande wa kulia, 4a² daima ni chanya, basi hukumu yote imeangukia b² − 4ac, ambayo naomba tuiite kibainishi. Katika mfano wetu kibainishi ni 100 − 84, yaani 16, na kipeuo chake cha pili ni 4, ambayo ndiyo tofauti baina ya 7 na 3. Hili si sadfa: a ikiwa 1, kibainishi ni mraba wa tofauti ya majawabu mawili. Tena hufuata kwamba a na c zikiwa na alama zinazopingana, majawabu ni mawili bila haja ya kuhesabu chochote, kwa kuwa −4ac ni chanya na b² haiwezi kuipunguza.

Hali ya jawabu moja yataka uangalifu, maana ni hali dhaifu. Tukiomba eneo la 24.99 badala ya 25, d² ni 0.01, d ni 0.1, na pande ni 4.9 na 5.1. Tukiomba 25.01, hakuna kitu. Sehemu moja ya mia ya dhiraa ya mraba katika eneo imezitawanya pande kwa sehemu moja ya kumi ya dhiraa kila upande, au imezifuta kabisa. Kwa hiyo namba zikitokana na vipimo vya futi kamba au mizani, kibainishi kilicho karibu na sifuri hakitupi ruhusa ya kutoa hukumu kwa ujasiri.

Hatari nyingine iko katika kubadilisha kigeu. Katika x⁴ − 3x² − 4 = 0, tukiita x² kwa herufi t, kibainishi ni 25, na mwanafunzi huandika "majawabu mawili" akaona amemaliza. Hakika ni mawili, lakini kwa njia asiyoijua: t ni 4 au −1, 4 inatoa x mbili, 2 na −2, na −1 haitoi hata moja. Kibainishi kilihesabu t, hakikuhesabu x.

Nimalizie na swali ambalo huwaangusha wengi: kwa thamani zipi za k mlinganyo x² + kx + 9 = 0 una majawabu mawili yaliyo namba halisi? Kibainishi ni k² − 36, nacho sharti kizidi sifuri. Mwanafunzi huandika k > ±6, maandishi yasiyo na maana, kwa sababu ameitendea hali ya kutolingana kama mlinganyo. Dawa yake ni kumchorea mstari wa namba, aweke alama kwenye −6 na 6, kisha ajaribu namba moja katika kila kipande: −7 inatoa 13, 0 inatoa −36, 7 inatoa 13. Ataona mwenyewe kwamba k ni ndogo kuliko −6 au kubwa kuliko 6, na kwamba katika zile nukta mbili majawabu hukutana: x ni 3 pale k ilipo −6, na −3 pale k ilipo 6.