Waliokufa wangapi, kati ya wangapi?



Tangu mazungumzo yetu ya juma lililopita juu ya mvua za masika, maswali yamekuja mengi, na karibu yote yanahusu tarakimu. Msikilizaji wa Mlandizi, huko Kibaha, anauliza kwa nini kila yanapotokea mafuriko redio inataja idadi moja ya waliokufa, gazeti linataja nyingine, na kesho yake zote mbili zimebadilika. Wa Maili Moja anauliza, tena kwa ukali kidogo, kama wakubwa huficha maiti. Wa tatu anatoka Maneromango, Kisarawe, na swali lake linaelekea kuwa mbali na haya: inakuwaje sensa iseme Kisarawe inajaa watu, wakati kijijini kwake vijana wanazidi kuondoka?

Nitaanza na huyu wa Maneromango. Huwezi kuhesabu waliokufa kabla hujajua waliokuwa hai walikuwa wangapi, na walikuwa wapi.

Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Karani wa sensa aliyebisha hodi siku tatu baadaye, na kishikwambi chake mkononi, aliuliza habari za usiku ule ule. Mgeni aliyetoka Tanga kuja arusini Kisarawe alihesabiwa Kisarawe, na mwenyeji aliyelala msibani Morogoro alihesabiwa Morogoro. Sensa zote tangu ile ya 1967, yaani 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zimefanyika mwezi wa Agosti, na sababu ni za kawaida kabisa: mvua hakuna, barabara za vijijini zinapitika, na watu wengi wametulia. Liwekeni akilini jambo hilo la Agosti. Nitalirudia.

Sasa Kibaha. Halmashauri ya Mji wa Kibaha ilikuwa na watu 128,488 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye wakawa takriban 265,000. Mtu anaweza kucheka akauliza, je, akina mama wa Kibaha wamezaa kiasi hicho? Hebu tupige hesabu. Taifa zima liliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya sensa hizo mbili. Kama Kibaha ingekwenda kwa mwendo huo, mwaka 2022 ingekuwa na watu kama 176,000. Hao karibu 90,000 waliobaki hawakuzaliwa pale. Walishuka kwenye mabasi na magodoro yao. Ipo kanuni rahisi ambayo kila mtu anaweza kuitumia bila mashine: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, utapata miaka ambayo idadi itachukua kuongezeka mara mbili. Kwa asilimia 3.2 ni kama miaka 22. Mahali panapojaa mara mbili kwa miaka kumi, ujue pana wahamiaji.

Na Kisarawe? Mwaka 2002 wilaya ilikuwa na watu 95,614. Mwaka 2012 wakawa 101,598. Yaani katika miaka kumi wameongezeka elfu sita tu, wakati watoto wanazaliwa kama kawaida. Maana yake waliokuwa wakiondoka walikuwa wengi. Kisha ghafla, mwaka 2022, zaidi ya 159,000. Dar es Salaam imefurika, na imemwagikia Kiluvya na upande wa Pugu. Kwa hiyo msikilizaji wa Maneromango anasema kweli, na sensa nayo inasema kweli. Idadi ya wilaya ni wastani wa sehemu mbili zisizofanana: ukanda ulio karibu na jiji, ambako kiwanja hupatikana kwa mbinde, na vijiji vya mbali ambako nyumba za udongo zimefungwa kwa kufuli.

Kuna mtego mwingine hapo hapo Kisarawe. Ukifungua vitabu vya sensa ya 1988 utakuta wilaya hiyo ina watu wengi kuliko mwaka 2002. Mgeni asiyejua historia angeweza kudhani ugonjwa mkubwa ulipita, au vita. Hakuna kilichopita zaidi ya kalamu: mwaka 1995 Mkuranga ilikatwa kutoka Kisarawe ikawa wilaya yake, ikaondoka na watu wake. Ndiyo maana kabla ya kulia au kushangilia juu ya idadi yoyote, uliza kwanza mipaka ni ile ile?

Haya, tuje kwenye maafa.

Mfikirieni mkazi mmoja wa Kiluvya. Anaamka saa kumi alfajiri, anadandia daladala, anashinda Kariakoo akiuza mitumba, anarudi nyumbani saa tatu usiku. Kwa sensa ni mtu wa Mkoa wa Pwani. Akisombwa na maji ya Msimbazi saa nane mchana, marehemu ni wa Pwani, kifo ni cha Dar es Salaam. Akiandikwa alikofia na kuandikwa tena anakozikwa, amekufa mara mbili. Kila ofisi ikidhani mwenziwe amemwandika, hakufa kabisa. Haya hutokea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Sasa twende kusini, tukiwa bado katika mkoa huo huo wa Pwani, hadi Bonde la Rufiji, na hapa ndipo Agosti inaporudi. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwa Operesheni Rufiji, ikawapeleka kwenye vijiji vya miinuko. Nyumba zilihamia juu, lakini udongo wenye rutuba haukuhama. Mkulima akabaki na makao mawili: nyumba kijijini, na dungu bondeni, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo hukaa akilinda mpunga wake dhidi ya ndege na nguruwe. Mwezi wa Agosti mpunga umekwisha kuvunwa, na karani wa sensa anamkuta kijijini. Mwezi wa Aprili, maji yanapopanda usiku, yuko bondeni pamoja na watoto. Vitabu vinasema kijiji kina watu kadhaa, wote juu, salama. Mto una hesabu yake.

Bonde la Ruvu, hapo Kibaha, lina habari inayofanana na hiyo. Kuna wakulima wa mboga na mpunga, kuna vibarua wa msimu, na kuna wafugaji wanaofuata majani na ng'ombe wao. Mwenyekiti wa kijiji anawajua baadhi. Mvua kubwa ikinyesha milimani Uluguru na mto ukavimba, nani atasema walikuwapo wangapi?

Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, pamoja na upepo, mafuriko na maporomoko, zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeathirika. Aliyekuwa akiona picha za Rufiji na Kibiti zilizozama siku zile angeweza kudhani ni hesabu ya huko tu. Sivyo. Ilikuwa hesabu ya nchi nzima. Angalieni pia watu na kaya. Gawanya 200,000 kwa 51,000, unapata karibu watu wanne kwa kaya, na sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Tarakimu zinaoana, na hilo ni jema. Lakini mwandishi wa habari makini angeuliza swali moja zaidi: watu hao walihesabiwa mmoja mmoja, au zilihesabiwa kaya kisha zikazidishwa? Njia zote mbili zinakubalika, ila hazina uhakika sawa. Gunia la unga nalo hugawiwa kwa kaya. Wajane watatu wanaokula chungu kimoja watapata sehemu moja. Wakipika mbalimbali, sehemu tatu. Siku ya mgawo utashangaa vyungu vinavyoongezeka.

Na neno "kuathirika" ni pana mno. Aliyefiwa na mume ameathirika, na aliyelowa godoro ameathirika. Mimi binafsi ningependa tulitumie kwa tahadhari zaidi kuliko tunavyofanya redioni.

Msikilizaji wa Mlandizi aliuliza kwa nini idadi hubadilika. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Taarifa za mwanzo zilitaja watu 47 waliokufa, baadaye zikapita 60, na mwishowe zikafika 89. Hakuna aliyedanganya siku ya kwanza. Siku ya kwanza huhesabiwa miili iliyoonekana. Halafu matope yanafukuliwa, majeruhi wengine wanafia hospitalini, na waliokuwa kwenye orodha ya waliopotea wanahamia kwenye orodha ya marehemu. Idadi inaweza pia kushuka: mwili mmoja ulioandikwa kwa majina mawili, au kijana aliyekwisha kuombolezwa akakutwa kwa shemeji yake Babati. Mimi huitilia shaka idadi inayotolewa saa chache baada ya janga na isiguswe tena kuliko ile inayopanda kila siku. Inayopanda ina watu wanaochimba.

Je, wakubwa huficha? Sitasema hakuna kiongozi duniani aliyewahi kupunguza tarakimu ili alale usingizi. Lakini kwa kawaida upungufu hauhitaji mfichaji. Kumbukeni MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ile ilikuwa ajali, haikuwa janga la asili, ila kwa habari ya hesabu sijui mfano ulio wazi zaidi. Meli iliruhusiwa abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mpaka leo idadi zinazotajwa za waliokufa zinapishana kwa mamia. Pale makaburini Igoma wamelala watu ambao hakuna karatasi iliyojua kwamba walipanda. Ukweli ni kwamba idadi ya waliokufa haiwezi kuwa sahihi kuliko idadi ya waliokuwapo, na ya waliokuwapo hutengenezwa siku ambayo hakuna janga, na mtu mwenye daftari na kalamu.

Lipo swali jingine ambalo huulizwa sana, hata barazani: je, maafa hupunguza watu duniani? Tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo mawimbi yake yaliua watu hata katika fukwe zetu, iliua takriban watu 230,000 kwa jumla. Siku zile dunia ilikuwa ikiongezeka watu zaidi ya 200,000 kila siku, ukishatoa waliokufa. Kwa mahesabu, basi, pengo lile lilizibwa kwa siku moja na ushei. Hapa kwetu, kutoka 44,928,923 mwaka 2012 hadi 61,741,120 mwaka 2022 ni nyongeza ya watu kama 4,600 kwa siku; wale 155 wa mvua za 2024 ni pungufu ya saa moja. Hesabu hiyo ni sahihi na haina maana. Mtoto aliyezaliwa Kibaha saa ile hakwenda kuwa mama wa yule aliyeachwa Rufiji. Anayetumia idadi ya taifa kupima janga la kijiji ametumia mizani ya lori kupimia chumvi. Pima kwa kijiji: walikuwapo wangapi, wamebaki wangapi, na nani atalima msimu ujao.

Nimalizie kwa barua moja fupi kutoka Kibaha, inayouliza: aliyesombwa akapatikana, akazikwa siku hiyo hiyo shambani kwa sababu barabara imekatika, anahesabiwa? Anahesabiwa akiandikishwa, na sheria inataka kifo kiandikishwe katika siku 30. Waliomzika wamwone mtendaji wa kijiji, wataje jina, umri, mahali na siku, ili taarifa ifike kwa msajili na RITA watoe cheti. Bila cheti hicho mjane atasumbuka benki, mahakamani na hata kwa ndugu wa mume. Asiyepatikana kabisa ana njia ndefu zaidi: atakaa kwenye orodha ya waliopotea, na miaka itapita kabla mahakama haijamdhania kuwa amekufa. Kwa hiyo jina lake lipelekwe mapema, na jirani mwenye kuthibitisha kwamba alikuwapo usiku ule aende nalo.

Mwandishi wa barua hiyo anaongeza kwamba ofisi ya kijiji chao imejengwa bondeni, na daftari la wakazi liliwahi kulowa likawa uji. Basi masika yakikaribia, mtendaji alihamishie daftari kwa mtu anayekaa mlimani, na aache nakala moja kwa mtendaji wa kata.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.