Pazia la Kinywa: Maziwa Yanapotokea Puani

 

Leo naanza na neno la kigeni: velum. Unaweza kulikuta kwenye barua ya rufaa ukashtuka bure. Ni Kilatini. Maana yake ni pazia, na pia ni tanga, kama yale ya mashua zetu za ziwani. Hata wataalamu wa uyoga wanalo. Kwao ni utando unaofunika uyoga mchanga. Lakini likiandikwa kuhusu kinywa cha mtoto wako, linasema juu ya kaakaa laini.

Pitisha ulimi juu ya kinywa, kutoka kwenye meno ukirudi nyuma. Mbele ni pagumu, kuna mfupa. Nyuma panalegea. Hapo ndipo pazia lilipo, na kimio kinaning'inia ukingoni mwake. Ukimeza, pazia huinuka likafunga njia ya kwenda puani.

Sasa kuna mtoto anayezaliwa pazia hili likiwa na mwanya. Midomo yake ni mizima, hakuna anayeshuku kitu. Lakini akinyonya, maziwa yanatokea puani. Ananyonya muda mrefu, anachoka, bado ana njaa, na uzito hauongezeki. Akicheua kidogo kupitia puani mara moja moja, si neno. Likitokea kila anaponyonya, usingoje.

Hapa ndipo ushauri wa majirani huanza. Mmoja atasema ni chira. Mwingine atakuelekeza kwa mtu wa kukata kimio. Mama, usikubali. Kisu kile huweza kuleta damu isiyokatika, pepopunda na maambukizi mengine, tena kinaharibu pazia ambalo tayari ni pungufu. Mwanya wenyewe hutokea katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, pande mbili za kaakaa zisipokutana. Hukukosea mtu.

Mpeleke kliniki, na ubebe kitabu cha Mama na Mtoto. Omba mhudumu amwangalie kinywani kwa tochi, hadi nyuma kabisa. Wakati mwingine ngozi nyembamba imeuficha mwanya, na kinachoonekana ni kimio kilichogawanyika mara mbili tu.

Nyumbani, mkalishe wima anapokula. Kamua maziwa yako, umpe kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, na umcheulishe mara kwa mara.

Upasuaji wa kaakaa kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na miezi 9 hadi 18, kabla maneno hayajakolea. Pazia lisiposhonwa, pumzi hutorokea puani, na anayetaka kusema "baba" husikika kama anasema "mama". (Baba wengine hununa, kumbe mtoto anawaita!) Masikio nayo huugua mara kwa mara.

Na pesa je? Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharamia upasuaji huu katika hospitali linazoshirikiana nazo hapa Kenya. Hapa Kisumu, anza kuuliza katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi tumezoea kuiita Russia, wakueleze pa kwenda. Hata kama mtoto wako sasa yuko shuleni na bado anasemea puani, mpeleke.