Kilima cha shaba si «majani tu»
Hotuba kwa vijana wa Lubumbashi



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mwanzo linafanana na masomo ya univ: namna wataalamu wanapanga mapori, mito, milima na bahari za dunia katika makundi, ili ijulikane kipi kilindwe kwanza. Najua kuna mwenye anasema moyoni: ndugu, sisi tunatafuta unga, wewe unatuletea majani? Munisikilize kidogo. Haya majani yanagusa ardhi yetu na kazi yetu.

Zamani, kulinda mazingira ilikuwa kuhesabu wanyama: okapi wangapi, tembo wangapi. Lakini mnyama anaishi fasi fulani, penye udongo wake, maji yake, mimea yake na moto wake wa kila kiangazi. Vyote hivyo pamoja, na kazi vinayofanyiana, njo tunaita mfumo wa ikolojia. Nyumba ikianguka, mwenye nyumba naye ameisha. Kwa hiyo wataalamu walianza kupanga nyumba zenyewe. Mwaka 2001, watafiti pamoja na WWF walitoa ramani iliyogawa nchi kavu ya dunia katika kanda 867. Ilikuwa kazi kubwa na imesaidia sana.

Lakini mutazame ilituweka wapi. Karibu sisi wote wa huku tuko ndani ya kanda moja, miombo ya kati, inayotoka Angola, inapita Katanga na Zambia, mpaka Tanzania. Zaidi ya kilomita mraba milioni moja, rangi moja!

Kutoka mbali, ni kweli. Lakini mtu mwenye ametembea kwa miguu kati ya Lubumbashi na Fungurume anajua kama si fasi moja. Kuna pori la miombo lenyewe, lenye tunakata makala. Kuna muhulu, msitu mzito ambao umebaki vipande vidogo vidogo. Kuna dembo, bonde la majani linalojaa maji wakati wa mvua. Kuna vilima vya muchwa virefu kupita nyumba. Na kuna vilima vya shaba.

Hapa kwenye vilima vya shaba nataka nikae kidogo.

Wazee wetu walijua siri hii kabla ya mzungu kufika: ukiona kilima hakina miti katikati ya pori, chini kuna shaba. Udongo wake ni sumu kwa miti, basi yanabaki majani na maua yenye yamezoea ile sumu. Kwa alama hiyo wazee walichimba na kuyeyusha misalaba ya shaba, na kwa alama hiyo hiyo wazungu nao walikuja kutafuta madini. Watafiti wa univ ya hapa pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamehesabu vilima hivyo zaidi ya 100, na mimea zaidi ya 30 ambayo haioti fasi ingine yoyote duniani. Ingine inajulikana kwenye vilima vichache tu. Na vilima vingi viko ndani ya viwanja vya madini.

Sasa munielewe vizuri. Kwenye ramani kubwa, kilima hicho ni nini? Ni nukta ndani ya miombo. Kwenye dosye ingine kitaandikwa «savana». Na neno hilo moja linaamua mengi. Mwezi wa 12 mwaka 2022, kule Montréal, mataifa yalikubaliana kulinda 30 kwa mia ya nchi kavu na ya bahari mpaka 2030, na maeneo hayo lazima yawakilishe aina mbalimbali za mifumo ya ikolojia. Kama kilima cha shaba ni «savana», leta inaweza kusema: savana tunayo tayari, iko Upemba, iko Kundelungu, basi chukueni kilima. Kompanyi nayo itasema: tutapanda miti fasi ingine, tutakuwa tumelipa. Miti! Kwa kilima ambacho hakijawahi kuwa na miti!

Kuna chombo kingine cha kutusaidia. Mwaka 2020, shirika la kimataifa la IUCN lilitoa mpango mupya wa kupanga mifumo yote ya ikolojia, wenye ngazi sita. Ngazi tatu za juu zinaangalia kazi ya mfumo: ni wa nchi kavu, wa maji matamu, wa bahari ao wa chini ya ardhi, unaendeshwa na moto, na mvua ao na mafuriko. Hizo wataalamu wa dunia wameisha kuandika. Ngazi za chini zinaangalia mimea na wanyama wa kila fasi, na ile ya chini kabisa inajazwa na kila nchi yenyewe. Wandugu, musikie vizuri: ukurasa huo ni wetu. Tusipouandika, hakuna mwenye atatuandikia dembo na muhulu.

Tena, tangu 2014 IUCN iko na vipimo vya Orodha Nyekundu ya mifumo ya ikolojia, kama ile ya wanyama. Wanauliza: mfumo umepungua kiasi gani? Eneo lake ni dogo namna gani? Udongo na maji vimeharibika? Viumbe vyake vingali vinafanya kazi yao? Mfumo wenye eneo dogo na wenye unaendelea kupungua unaweza kuandikwa kama uko hatarini. Lakini ili upimwe, lazima kwanza uwe na jina. Kisicho na jina hakipimwi, na kisichopimwa, kamioni linakibeba mchana kweupe.

Hatusemi shaba isitolewe. Mji huu umezaliwa na shaba. Na tunajua kama jina kwenye ramani halisimamishi masini. Tunajua pia kama mara nyingi «kulinda» kumekuwa kufukuza watu wa vijiji. Hiyo tunaikataa. Ramani tunayotaka ichorwe pamoja na wenye wanaishi pale, maana wao njo wanajua majina.

Kwa hiyo tunaomba leta mambo manne:

1. Mifumo ya ikolojia ya Haut-Katanga na Lualaba ipangwe mpaka ngazi ya chini, na ramani iwekwe wazi kwa wote.
2. Kila uchunguzi wa athari kwa mazingira utaje aina kamili na hekta zake. Neno «savana» peke yake halitoshi.
3. Vilima kadhaa vya shaba vichaguliwe na vibaki vizima, mbele ya kibali kingine kutolewa.
4. Kazi hiyo ipewe vijana. Tuko wengi wenye diploma za agronomia, biolojia na jiografia. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na kazi hakuna. Kazi hii iko, inakosa tu mwenye kuiagiza.

Na sisi tusingojee. Sheria ya mwaka 2011 juu ya mazingira inataka raia waulizwe mbele ya miradi mikubwa kuanza. Wakiita watu, twende. Tupeleke maswali matatu, kwa Kiswahili, kwa sauti: Hapa mutakapochimba ni mfumo gani? Umebaki fasi ngapi zingine? Mutaacha nini kizima?

Wakijibu «ni majani tu», muwaambie kwa upole: majani gani? Mutaje jina.

Raia mwenye anajua jina la ardhi yake hadanganywi kwa urahisi.