Vita vya Unguja vya Mwaka 1896: Chanzo na Matokeo Yake

(Hotuba kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Chwaka)



Leo tunataka tuzungumze juu ya vita vilivyopiganwa hapa kwetu Unguja tarehe 27 Agosti, 1896. Vita hivyo vilikwisha kwa dakika 38 hivi. Watu wengi husema ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, kisha hucheka. Sisi hatucheki. Kwa dakika hizo chache, watu wapatao 500 wa upande wa jumba la Sultani waliuawa au walijeruhiwa. Basi tujiulize: vita hivyo vilianzaje? Na vilituletea nini?

CHANZO

Wengi hudhani vita huanza siku mizinga inapolia. Sivyo. Vita hivi vilianza miaka kadhaa kabla, na vilianza kwa karatasi.

Wakati ule Waingereza na Wajerumani walikuwa wakigombania Afrika. Kila mmoja alitaka bandari, biashara na njia ya kwenda bara. Mwaka 1886 walipatana kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ni visiwa, pamoja na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Tarehe 1 Julai, 1890 wakaandikiana mkataba mwingine mjini Berlin. Wajerumani walikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya Waingereza. Waingereza nao wakawapa Wajerumani Heligoland, kisiwa kidogo huko Ulaya. Mafia ikaangukia upande wa Wajerumani.

Fikirini, ndugu zetu. Visiwa vyenye watu, misikiti, mashamba na makaburi ya wazee viligawanywa kama mafungu ya samaki mnadani. Hakuna mvuvi wa Chwaka aliyeulizwa.

Mwaka huo huo Sultani Ali bin Said alikubali nchi iwe himaya ya Waingereza. Himaya maana yake ni ulinzi. Lakini ulinzi huo ulikuwa na masharti. Sharti moja lilikuwa hili: Sultani mpya asikae kitini bila ya idhini ya balozi wa Uingereza. Kiti kilibaki, lakini ufunguo wa nyumba ulikwenda kwa mwingine.

SIKU YENYEWE

Tarehe 25 Agosti, 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Mtoto wa ami yake, Khalid bin Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Idhini hakuomba. Waingereza walimtaka Hamoud bin Muhammed. Wakakusanya manowari 5 bandarini, mkubwa wao akiwa Admirali Harry Rawson. Khalid akapewa mpaka saa 3 ya asubuhi, tarehe 27, ateremshe bendera na kutoka. Hakutoka.

Saa 3 na dakika 2 mizinga ikalia. Jumbani walikuwamo askari, watumishi na watumwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa. Ilipofika saa 4 kasorobo hivi, yote yalikuwa yamekwisha. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, nao baadaye wakamvusha hadi Dar es Salaam. Mtumishi aliyelala chini ya kifusi hakuwa na balozi wa kumkimbilia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

MATOKEO

Kwanza, Hamoud alitawazwa siku ile ile, na tangu hapo neno la Waingereza likawa ndilo la mwisho. Himaya ilidumu mpaka tarehe 10 Desemba, 1963.

Pili, mwaka 1897 Hamoud alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Hilo lilikuwa jambo jema, tuseme kweli. Lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Fidia ilikwenda kwa bwana wake. Yeye aliyelima miaka yote hakupewa shamba.

Tatu, Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, walipokuwa wakipigana na Wajerumani huku Afrika Mashariki. Alipelekwa uhamishoni katika visiwa vya mbali, akafia Mombasa mwaka 1927.

Nne, mstari uliochorwa Berlin haukufutika. Mafia mpaka leo iko Mkoa wa Pwani.

FUNZO

Katika darasa letu mama mmoja alitusimulia kuwa aliwahi kutia dole gumba kwenye karatasi akiambiwa ni risiti ya mwani wake. Kumbe ilikuwa karatasi ya deni. Tulipomaliza kuzungumza, mzee mmoja akauliza: "Mbona Sultani Ali alikuwa na watu wa kumsomea, na nchi ikaenda vile vile?"

Swali hilo ni zito, jamani. Jibu letu ni hili. Kusoma peke yake hakuzuii mizinga. Mtu mmoja akisoma jumbani, na watu wote wako gizani, mwenye nguvu humtisha huyo mmoja, kazi ikaisha. Lakini kijiji kizima kikisoma, karatasi haiwezi kupita kimya kimya.

Basi ikiletwa karatasi, msitie saini siku ile ile. Ombeni nakala. Isomeni kwa sauti mbele ya wenzenu. Neno msilolijua, ulizeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nchi ni vivyo hivyo.



Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tumesema vita hivi vilianza kwa karatasi?
2. Khalid alipigania nchi au alipigania kiti? Toeni sababu zenu.
3. Ni karatasi gani hapa kijijini ambazo tunapaswa kuzisoma pamoja?